Pipa la Zamu ya Asubuhi

Kisanduku chake cha chakula kilikuwa na kufuli. Lilikuwa dogo, la kufungia begi, lakini kufuli ni kufuli, na ndani hamkuwa na dhahabu: viazi vitatu vya kuchemsha, yai moja, na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Saa sita kamili alikifungua, akahesabu viazi, akakuta vitatu, ndipo akala. Katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuwahi kukuta viwili. Ukimwuliza basi kufuli la nini, angekujibu kwamba havijawahi kupungua kwa sababu ya kufuli, na hapo ndugu yangu ungekuwa umeshashindwa.

Mtamboni walimwita Nanikagusa, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, alizunguka sehemu yake ya kazi akiuliza: "Nani kagusa kata yangu? Nani kagusa koki hii? Hiki kiti nani kakigusa?" Wenye adabu waliongeza Mzee mbele. Yeye aliitika, ila alitaka kujua nani aliyeanza kumwita hivyo, na kwa nia gani.

Nyuma ya mtambo kulikuwa na bwawa la tope jeusi, pana kiasi kwamba mtu akikuita kutoka ng'ambo husikii anasema nini. Bwawa lile alilijaza yeye. Ujanani kazi yake ilikuwa kushika mdomo wa bomba lililomwaga maji machafu ya kuoshea makaa ya mawe. Ndani ya maji yale mlikuwa na unga wa makaa uliochanganyika na udongo, mwembamba hata chekeche haliuzuii, wala koleo haliushiki. Wakubwa walisema ni taka, akamwaga taka. Miaka ikapita, wakaja wakubwa wengine, wakasema karibu nusu ya taka ile ni makaa mazuri yanayoungua, na yule yule aliyeyamwaga akaajiriwa kuyatoa. Tangu hapo hakumwamini tena mkubwa yeyote, na kwa hilo mimi simlaumu.

Namna ya kuyatoa ni hii. Tope hunyonywa bwawani, huzimuliwa kwa maji, huingizwa katika matangi sita ya chuma yaliyopangwa safu moja, na ndani ya kila tangi kuna panga linalozunguka, likikoroga na kupuliza hewa. Makaa hayapendi maji, udongo unayapenda. Hiyo ndiyo siri yote. Ukidondosha mafuta ya taa kidogo, yanaipaka ile chembe ya makaa, nayo inazidi kuyachukia maji, inaona povu linapita, inalidandia na kupanda nalo juu. Udongo unabaki chini na maji yake. Kuna na dawa nyingine ya kulizuia povu lisipasuke kabla halijafika. Huko juu vibao virefu vinalikwangua, jeusi na linang'aa, mpaka kwenye mfereji. Mferejini linakufa, yanabaki maji mazito yanayokwenda kwenye kichujio na kutoka yamekandamizwa kuwa mkate mweusi wenye unyevu. Lakini yote hayo ni kazi ya matone. Yakipungua, makaa yanarudi bwawani. Yakizidi, povu linalewa, na udongo nao unapanda juu bila nauli.

Nanikagusa alilijua povu. Alichota kwa kata yake, akalitazama, akalifikicha kati ya kidole gumba na cha shahada: makaa huteleza, udongo hunata. Mzigo wake haukuwahi kurudishwa hata siku moja. Nje ya matangi yale hakuwa na la kujivunia: nyumba ya vyumba viwili, goti moja bovu, na mke aliyekwisha kumzoea. Povu ndilo lililomfanya aitwe mtu.

Na alikuwa na mpwa. Dada yake alimwachia mtoto wa miaka sita, akaenda kutafuta maisha, maisha yakamkataa huko huko. Nanikagusa na mkewe hawakujaliwa kupata mtoto, wakamlea huyu. Alimpenda, msije mkadhani hakumpenda. Alimvusha barabara kumpeleka shule mpaka binti akawa na aibu ya kushikwa mkono. Ila binti akiosha vyombo, mjomba alinyanyua kikombe, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, halafu bila neno akakirudisha kwenye beseni na kukiosha tena. Kila siku, hata kikiwa kinang'aa. Mwanzoni mtoto alilia. Baadaye aliacha kulia, akawa anaosha huku ameuma mdomo.

Binti huyo alisoma, akarudi kuajiriwa katika maabara ya mtambo. Kazi yake ilikuwa kuchoma. Alichukua kipande cha ule mkate mweusi, akakikausha, akapima gramu moja, akaitia kwenye tanuri dogo mpaka makaa yote yaungue, kisha akapima majivu yaliyobaki. Majivu ni udongo. Katika sehemu mia, yakiwa kumi na mbili kushuka chini, mzigo unaondoka. Yakizidi, povu lilibeba kisichotakiwa. Wenzake walimwita Bi Mizani. Alipanga chumba chake mitaa miwili kutoka kwa mjomba, na kwa miaka minne namba zake zilimpa mjomba raha tupu.

Sasa tuje kwenye pipa. Zamani lilikuwapo pipa moja la mafuta ya taa kwa zamu zote mbili, limewekwa juu ya jukwaa karibu na tangi la kwanza, na koki yake iko chini kabisa, inadondosha kwenye mpira mwembamba. Nanikagusa alidai yawe mawili. Zamu ya jioni ilisimamiwa na kijana mmoja aliyeitwa Mrefu, naye Mrefu alikuwa na kosa kubwa: alipiga mluzi kazini. "Mtu anayepiga mluzi ana jambo," alisema Nanikagusa, na wakubwa, ili waepukane na malalamiko yake, wakampa pipa lake. Zamu ikiisha alifunga koki, akautoa mpira tangini na kuuning'iniza juu ya mtaro wa sakafuni, akatia kufuli kwenye kifuniko, akavaa ufunguo shingoni kwa kamba. Halafu alichora mstari wa chaki ubavuni, kwenye kijibomba cha kioo kinachoonyesha mafuta yamefika wapi.

Asubuhi moja akakuta mafuta yako vidole viwili chini ya mstari.

"Nani kagusa?" aliuliza, na watu waligeuka, maana sauti ilikuwa ya mtu aliyefurahi. Miaka yote hiyo alikuwa akingoja, na hatimaye mwizi amekuja.

Hakwenda kwa msimamizi. Msimamizi angeita kikao, mwizi angesikia, mambo yangeishia hapo. Nanikagusa alikuwa na dawa yake. Rafuni jikoni mkewe alikuwa na chupa ya sabuni ya maji, yenye harufu ya ndimu. Aliificha ndani ya ovaroli, akafika kazini mapema, akafungua kifuniko cha pipa na kumimina nusu chupa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: atakayekwenda kupikia mafuta yale, jiko litakohoa, utambi utaziba, mwenye nyumba atapiga kelele, na yeye atasikia. Jioni ile alipita mtaa kwa mtaa pua juu, akichungulia majiko ya watu. Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo alimwuliza, "Mzee, umepoteza kuku?" Akajibu kwamba anatembeza goti.

Hakuna jiko lililokohoa. Na asubuhi mafuta yalikuwa yameshuka tena vidole viwili. Mwizi sugu, alisema moyoni, akaongeza sabuni. Ikawa ndiyo desturi: asubuhi sabuni, jioni pua juu. Nyumbani mkewe alisimama mbele ya rafu, mkono kiunoni.

"Nani kagusa sabuni yangu?"

"Mimi sijui mambo ya jikoni," akasema Nanikagusa.

"Humu ndani tuko wawili, bwana. Mimi najijua sijainywa."

Mtu mwenye siri kubwa hawezi kujibizana juu ya sabuni.

Wiki ya pili namba zikaanza kuharibika. Jumatatu majivu yalikuwa kumi na tano. Jumanne kumi na tisa. Jumatano yakafika ishirini na tatu. Jioni, kwa matangi yale yale na tope lile lile, Mrefu alipata kumi na moja huku anapiga mluzi. Msimamizi, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alipanda jukwaani na kusema, "Mzee, mzigo wako haujaondoka siku tatu. Mambo yakiendelea hivi mpaka Jumatatu, nitampa Mrefu zamu zote mbili. Wewe nitakutafutia kitu cha kufanya getini."

Getini! Akafungue na kufunga, apigie magari saluti. Nanikagusa aliyatazama matangi. Povu lilikuwa limejaa, nono kuliko siku zote, linafurika mpaka pembeni, na kwa macho lilikuwa jeusi. Alichota, akafikicha. Lilinata kidogo. Akafikicha tena, likanata, akaamua kwamba vidole vimezeeka. Alikuwa tayari kushuku hata vidole vyake kabla ya kujishuku mwenyewe.

Akaenda kwenye dirisha la maabara.

"Ishirini na tatu, mjomba," alisema mpwa wake kwa upole.

"Pima tena."

"Nimepima mara tatu."

"Na mizani yako nani kaigusa?"

"Mjomba, kuna kitu umebadilisha kwenye dawa zako?"

"Mimi? Mimi nibadilishe?"

"Nauliza tu. Povu lako siku hizi halifi."

"Povu langu liache, mama. Wewe shughulika na majivu yako."

Aliondoka akijiuliza. Mbona anauliza dawa? Nani kamtuma aulize? Jioni mvua ikanyesha, naye akiwa amejibanza kwenye mlango wa stoo akawaona: mpwa wake na Mrefu, wamesimama getini chini ya mwamvuli mmoja. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini yeye mawingu hakuyahitaji tena, mvua yenyewe ilikuwa inamnyeshea. Kila kitu kikajipanga kichwani. Kijana anataka matangi. Binti anamtaka kijana. Mizani iko mikononi mwa binti. Inatosha kubadilisha vibandiko kwenye sampuli, na mzee anakwenda kufungua geti.

Usiku kucha aligeuka kitandani, na Alhamisi asubuhi alikuwa mbele ya meza ya msimamizi, kofia mkononi. "Kikulacho ki nguoni mwako, bosi," alianza, akamwaga yote. Neno la mtu wa miaka ishirini na sita ni zito. Msimamizi alimwita binti, akamsomea tuhuma: kwamba amebadilisha sampuli ili kumharibia mtu kazi. Akamwambia akae nyumbani, Jumatatu saa nne watakaa, na ikithibitika ataondolewa na barua itakayomfuata kila atakapoomba kazi. Mwingine atapima kwa siku hizo.

"Una neno?" aliuliza msimamizi.

Binti alimgeukia mjomba wake. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa ameuma mdomo. "Sina," akasema, akavua koti jeupe, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kiti.

Nanikagusa alitoka pale ameshiba ushindi, lakini kabla hajafika jukwaani akaanza kujibishana na nafsi yake. Angekuwa hana hatia angejitetea, alijiambia. Asiyejitetea ana lake.

Nyumbani habari zilikuwa zimeshamtangulia. Mkewe alimwekea sahani mezani, akasimama.

"Umemlea miaka kumi na minane. Umemtupa kwa asubuhi moja."

"Haki haijui mpwa."

"Haki!" alisema mke. "Sabuni yangu imekwisha chupa mbili. Nayo kaja kuiiba huyo huyo?" Akachukua kanga yake, akaenda kulala kwa binti. Ijumaa hakurudi. Jumamosi akaja kuchukua nguo, hakusalimia. Na namba za siku hizo mbili, ingawa alipima mtu mwingine, zilikuwa ishirini na nne na ishirini na tano. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jibu. Nanikagusa alisema huyo mpya naye ni rafiki yao.

Jumapili mtambo ulisimama kwa matengenezo ya bwawani. Huko ndani hapakuwa na mtu. Nanikagusa aliona hiyo ndiyo siku: mwizi hawezi kuacha kuja mtambo ukiwa mtupu, na akimkamata Mrefu na kidumu mkononi, Jumatatu kazi itakuwa nyepesi. Saa tatu asubuhi alimwambia mlinzi amesahau miwani, akaingia, akajificha nyuma ya kichujio, akakalia ndoo, kisanduku chake mapajani.

Hakuwahi kuusikia mtambo ukiwa kimya. Saa nne, hakuna mtu. Saa tano, panya alipita. Saa sita alifungua kufuli, akahesabu viazi, vitatu. Alikuwa na kiazi mdomoni aliposikia sauti ndogo kutoka jukwaani.

To.

Akaacha kutafuna. Kimya. Akaanza kudhani ni masikio.

To.

Alipanda jukwaani kwa mikono na goti lake bovu, kata mkononi kama rungu. Hapakuwa na mtu. Pipa lake lilikuwa pale pale, kufuli pale pale. Mpira ulikuwa umening'inia juu ya mtaro, na kwenye ncha yake tone lilikuwa linanenepa. Likaanguka. To. Alikamata koki akaikaza kwa nguvu zote, ikagoma. Ilikuwa imekazwa tayari. Ndani yake kitu kilikuwa kimelika, basi. Siku za kazi mashine zinanguruma na sakafu ina maji tele, nani atasikia tone, nani ataliona? Vidole viwili kila usiku, tone kwa tone, mpaka mtaroni. Hapakuwa na mwizi. Hapakuwahi kuwa na mwizi.

Lakini si hilo lililomwondolea nguvu. Chini ya mpira, pale mtaroni, sakafu ikiwa kavu kwa mara ya kwanza, kilikuwa kimesimama kichuguu cha povu. Povu alilijua, jeusi, linalong'aa, linalokufa mara moja. Hili lilikuwa jeupe. Lilikuwa povu la beseni la nguo, limetulia, halina haraka ya kufa. Aliinama, akalifikicha kwa vidole vile alivyosema vimezeeka, akanusa. Ndimu.

Alifungua kifuniko, akatumbukiza fimbo mpaka chini, akaitoa. Juu mafuta safi. Chini, unene wa kidole, ute mzito mweupe. Sabuni haikuchanganyika na kitu. Ilizama, ikatulia pale pale penye koki, na kila asubuhi alipofungua, yenyewe ndiyo iliyotangulia matangini. Nusu chupa ndani ya pipa zima, nani atajua, alisema siku ile. Yeye, mtu aliyeishi kwa matone miaka yote hiyo. Povu lilikataa kufa, likakumbatia udongo na kupanda nao, na mizani ya binti ikasema kweli, siku baada ya siku. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amelikalia.

Aliona aibu mpaka akakaa chini kwenye chuma.

Halafu, tuseme yote, wazo likamjia. Ufunguo uko shingoni. Afungue koki, aumwage ute wote mtaroni, asuuze kwa ndoo tatu, atie mafuta mapya. Kesho povu litakuwa jeusi, namba zitakuwa kumi na moja, na hakuna atakayejua. Mkono wake ulishafika kwenye koki. Hapo ndipo alipoona upande wa pili wa wazo lake. Binti yuko nyumbani, anapima mwingine, na ghafla namba zinakuwa nzuri. Nani atauliza tena? Watasema kumbe kweli, alipoondolewa mambo yamenyooka. Ndoo tatu za maji, na mtoto wa dada yake amekwisha.

Aliufunga mkono. Alikaa pale mpaka saa kumi, na viazi viwili vikabaki kisandukuni.

Jumatatu saa nne chumba cha msimamizi kilikuwa na watu wanne. Msimamizi, kalamu mkononi. Mrefu, aliyeitwa kama shahidi, leo hana mluzi. Binti, amekaa kwenye ukingo wa kiti. Nanikagusa aliingia wa mwisho, hakukaa. Alitoa chupa tupu ndani ya ovaroli akaiweka mezani, na chumba kikanukia ndimu.

"Nimegusa mimi," akasema.

Akaeleza. Chaki, mwizi, sabuni, koki. Alipofika kwenye kutembeza goti mitaani, Mrefu alicheka kwa pua, akamwona binti hacheki, akaacha. Nanikagusa hakuficha kitu, hata wazo la ndoo tatu alilisema, na hilo ndilo lililomtoka kwa shida kuliko yote.

Msimamizi aliisogeza chupa pembeni. "Mzee wangu," alisema, "ungekuja siku ile ya kwanza ukasema pipa limepungua, fundi angebadilisha koki kwa dakika kumi." Kisha akanyoosha mkono. Nanikagusa alivua kamba shingoni, akampa ufunguo. Matangi akapewa Mrefu. Yeye akapewa fagio la chini ya kichujio, akusanye vipande vinavyodondoka. Geti lilikuwa na watu wa kutosha. Na binti arudi kwenye mizani yake, sasa hivi.

Nanikagusa alimfuata mpaka mlangoni mwa maabara. Mtu aliyeuliza maswali maisha yake yote hakuwa na hata moja linalofaa.

"Ingia, mjomba," alisema binti, akivaa koti lake.

Alifungua kabati, akasogeza mitungi ya mbele, akatoa nyuma yake chupa mbili ndogo za maji mazito ya mferejini. Moja ilikuwa na kibandiko, Jumanne jioni. Nyingine, Jumanne asubuhi. Alizitikisa zote mbili kwa pamoja, akaziweka mezani. Povu la jioni lilikufa kabla hawajahesabu kumi. La asubuhi lilisimama, likawa linawatazama.

"Ulijua," alisema Nanikagusa.

"Nilijua ni sabuni. Nilipofungua kifuniko cha chupa nikanusa ndimu, nikajua ni ya jikoni kwetu."

"Tangu Jumanne?"

"Tangu Jumanne. Ndiyo maana nilikuuliza."

"Na Alhamisi? Alipokuambia una neno? Chupa si unayo hapa?"

Binti aliinamisha macho kwenye mizani, akapangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Ningeitoa wangekutoa kwenye povu, mjomba. Una nini kingine wewe? Nilisema utakumbuka mwenyewe. Kama hukumbuki, mimi bado kijana, nitatafuta pengine."

Machozi yalimtoka wazi wazi, mzee mzima, mbele ya tanuri.

"Ungeniambia mimi basi," alisema. "Sisi wawili tu. Nyumbani."

"Ungeniamini?"

Nanikagusa alichukua ile chupa ya asubuhi, akaenda nayo kwenye sinki, akaimwaga. Povu halikutaka kwenda. Alifungulia maji, akasuuza, akasuuza tena, akaingiza kidole akasugua mpaka kwenye pembe za ndani, akaigeuza, akaikung'uta. Alipoona haina hata alama, akampa mpwa wake kwa mikono miwili.

Binti aliipokea. Akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama upande huu, akaitazama upande ule. Kisha, bila neno, akaenda nayo kwenye sinki na kuiosha tena.

Nanikagusa alisimama akimtazama mpaka alipomaliza, halafu akatoka kwenda kutafuta fagio.